Masika Ambayo Mke Wangu Alisikika Redioni

Jumamosi, 9 Machi

Leo mke wangu amesikika redioni kwa mara ya kwanza. Mama yangu alilia. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Nieleze ilivyokuwa, maana nikingoja kesho nitaanza kuipamba. Mvua imebomoa daraja, shule za ng'ambo ya mto zimefungwa, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wamekwama majumbani. Redio ya mji wetu ikatafuta mwalimu wa kuchambua riwaya ya mtihani hewani, kila Jumamosi asubuhi. Mimi nafundisha fasihi shule ya wavulana, mke wangu anafundisha fasihi shule ya wasichana. Tulikutana chuo cha ualimu na mpaka leo tunaitana Mwalimu. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kujaribiwa sauti. Watu wote nimewaambia nilikwenda kumsindikiza tu. Humu ndani sina wa kumdanganya: nilivaa koti ninalovaa kwenye harusi.

Mtangazaji ni kijana mrefu anayenukia vizuri kupita kiasi. Mji mzima unamwita Besi, kwa sababu sauti yake inatokea chini huko, kama mtu anayesogeza kabati. Alinisikiliza nikisoma ukurasa mzima, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mwalimu, hoja zako nzito sana. Ila sauti inakwaruza kidogo."

Mke wangu yeye akaambiwa, "Mama, wewe sema tu kama unavyosema nyumbani."

Riwaya yenyewe ni kongwe, baba zetu waliisoma. Karani mmoja mwaminifu anakataa kutia saini hati za uongo. Anafukuzwa kazi, anarudi kukaa nyumbani na heshima yake. Dada yake anashona nguo za watu ili nyumba isimame. Mwishoni dada anafungasha vitu vyake anaondoka, na mwandishi hasemi kaenda wapi. Mimi miaka yote nimefundisha kwamba Karani ni shujaa, dhamira kuu ni uadilifu, na dada ni msaliti. Wanafunzi wangu wakiandika hivyo wanafaulu.

Basi leo mke wangu kasema hewani: "Mwalimu mmoja aliwahi kunieleza kwamba uadilifu wa Karani tuutazame mikononi mwake. Tangu afukuzwe, hashiki kalamu tena hadi mwisho wa kitabu."

Hoja hiyo ni yangu. Nilimpa mimi, jikoni, akichagua mchele. Mwalimu mmoja! Kama vile tulikutana kwenye foleni ya benki.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Sikumwambia kitu. Yeye kaimba akifua.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeingia darasani, nimeanza na sifa za Karani. Kiranja kanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo ya mikono tumeisikia redioni. Mama alieleza vizuri sana."

Nikamwambia aandike.

Jumamosi, 16 Machi

"Mwalimu mmoja" katajwa tena, mara hii kuhusu mandhari. Mke wangu alipofika nyumbani nilikuwa nimejiandaa.

"Mwalimu," nikasema, "huyo mwalimu mmoja anaendeleaje?"

Akacheka, akavua viatu vilivyojaa tope. "Ulitaka nisemeje? Nisimame pale niseme mume wangu kasema, mume wangu kasema? Wataniona sina kichwa."

"Basi tumia kichwa chako. Hoja zangu ziache."

Sikukusudia iwe amri. Ilitoka tu. Mama yangu alikuwa sebuleni na redio yake, hasikii vizuri, lakini nadhani hilo alilisikia, maana alipunguza sauti.

Mke wangu alinitazama kidogo, viatu mkononi. "Sawa," akasema. "Ziko kabatini zote. Sitagusa."

Sasa atarudi kuniomba. Bila mimi atasema nini wiki ijayo?

Jumanne, 19 Machi

Hajaomba. Anasoma kitabu upya, tangu ukurasa wa kwanza, penseli sikioni kama fundi.

Jumamosi, 23 Machi

Hakusema neno langu hata moja.

Aliuliza swali, akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani redio imekatika. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Katika kitabu kizima, kuna mtu yeyote anayemuuliza huyu dada kama amekula?" Kisha akawatembeza wasikilizaji sura kwa sura. Karani anakula. Mgeni anakula. Mwenye nyumba anakuja kugomba, naye anakaribishwa anakula. Dada anapakua, dada anaosha vyombo. Sahani yake haijaandikwa popote.

Nimefundisha kitabu hiki tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sikuliona hilo. Besi alisema, "Aisee, Mama!" kwa ile sauti yake, na mke wangu akacheka kicheko ambacho nilidhani kinajulikana nyumbani kwetu tu.

Mama yangu akanigeukia. "Mkeo ana akili."

"Najua, mama."

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Uso wangu ndivyo ulivyo."

"Uso huo nimeuzaa mimi. Haukuwa hivyo."

Jumatano, 27 Machi

Nimepitia kitabu chote kutafuta mahali dada anapokula, ili nimkosoe. Sura ya tano anaonja mchuzi. Kuonja si kula. Nimekifunga kitabu kwa hasira.

Ijumaa, 29 Machi

Mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kusoma riwaya tangu aache shule, kanisimamisha ofisini. "Bwana, mkeo kaniharibia nyumba. Mke wangu sasa kila nikishika kijiko ananiuliza, na mimi je, umeniuliza kama nimekula?" Walimu wote wakacheka. Nikacheka nao. Kumbe kucheka kunachosha hivi.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua ya kutisha. Kipindi kimekwenda vizuri. Kila mtu anasema kimekwenda vizuri. Hata muuza mkaa.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo jioni, nikiwa mezani, nimetazama jikoni kupitia mlango. Mke wangu alikuwa anakula amesimama, sahani juu ya kiganja, jicho kwenye sufuria ya maji ya mama ya kuoga. Nikataka kumwambia njoo ukae. Nikaona akija ataona nimeupata ujumbe wa redio kama wasikilizaji wengine. Nikamaliza chakula changu.

Niandike ukweli: sijui ni tangu lini anakula amesimama.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilijiambia, wewe mwanamume mzima, acha ujinga, nenda kamchukue mkeo kazini. Mvua ilikuwa inanyesha, nikabeba miavuli miwili, wangu na wake. Nikasimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la vioo. Mlango wa redio ukafunguliwa. Akatoka Besi, akafungua mwavuli mkubwa kama hema, mke wangu akaingia chini yake. Walikuwa wanabishana, nadhani kuhusu kitabu, kwa sababu mke wangu alikuwa anahesabu hoja kwa vidole. Alifika kidole cha nne. Akampiga Besi begani, Besi akacheka akiinamisha kichwa.

Zamani vidole hivyo alinihesabia mimi.

Sikuvuka. Nilirudi kwa miguu kwa njia ya nyuma, nikiwa nimeisahau kabisa miavuli iliyokuwa kwapani.

Alinikuta mlangoni. "Mwalimu, una miavuli miwili. Mbona umelowa?"

"Upepo," nikasema.

Jumatano, 10 Aprili

Mke wangu anaongea na simu nje, barazani, kwa sauti ya chini. Nikitokea anasema, "Haya, tutaongea," anakata. Jana vivyo hivyo. Nikauliza, "Nani?" Akasema, "Watu wa redio." Watu, wingi. Sijasikia sauti ya watu. Nimesikia besi.

Ijumaa, 12 Aprili

Kesho wasikilizaji wataruhusiwa kupiga simu. Kesho ni sura ya mwisho, dada anapoondoka.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mke wangu aliondoka mapema. Mama akakaa sebuleni, redio imefunguliwa hadi mwisho kama kawaida. Nilisikiliza nikiwa mlangoni. Mke wangu alisema dada hakumsaliti mtu, ila alichoka, na kuchoka si dhambi. Alisema mwandishi hakutuambia dada alikwenda wapi kwa sababu hata Karani hakuuliza. Besi akatoa namba ya simu. Wakapiga wanafunzi wawili watatu, wenye sauti za aibu. Mama mmoja akapiga kushukuru tu.

Sijui miguu ilinipelekaje bafuni. Nilifunga mlango kwa komeo, nikafunika simu kwa leso, nikapiga. Ikapokewa upesi mno. Nilikuwa bado sijapanga la kusema.

"Karibu hewani, nani mwenzetu?" Ni Besi huyo.

Nikaikaza sauti, nikaifanya nene. "Naitwa Baba Msikilizaji."

"Karibu, Baba Msikilizaji. Swali kwa Mwalimu?"

"Mimi nauliza hivi." Leso ikaniingia mdomoni, nikaitoa. "Mwanamke aliye na nyumba, ana heshima, halafu anasikia sifa za huko nje, anafungasha anaondoka. Kwa nini huyo tusimwite msaliti?"

Kulikuwa na mlio mkali, kama paka kakanyagwa.

"Baba Msikilizaji, tafadhali punguza sauti ya redio yako," akasema Besi.

"Si yangu, ni ya..."

Hapo ndipo mama yangu alipogonga mlango wa bafu kwa fimbo yake. Asiyesikia vizuri huongea kwa sauti kubwa. Alipaza sauti ambayo ilipita mlango, ikapita leso, ikaenda redioni, ikaturudia kutoka sebuleni mara ya pili:

"Mwanangu! Toka huko chooni uje usikie! Kuna mtu redioni anaongea kama wewe!"

Nilisimama pale nimeshika simu. Nikamsikia Besi akivuta pumzi kwa shida, kama mtu anayebana kicheko kwa meno. Nikangoja simu ikatwe. Haikukatwa.

Kisha mke wangu akaongea, sauti yake ileile, haina haraka.

"Asante, Baba Msikilizaji. Swali lako ni zuri, na wanafunzi wanaweza kuulizwa. Kwenye kitabu, hakuna anayemsifu dada huko nje. Hakuna hata mmoja, rudi kaangalie. Aliondoka bila kusifiwa na mtu. Kwa hiyo sifa siyo sababu. Anayesema ni sifa hajasoma kitabu, amesoma moyo wake. Si vibaya, sote tunasoma hivyo wakati mwingine. Lakini kwenye mtihani, toeni ushahidi kutoka kitabuni. Na Baba Msikilizaji, mpe mama hapo mlangoni nafasi. Labda anahitaji bafu."

Simu ikakatwa kwa upole. Nikakaa kwenye ukingo wa ndoo. Nje mama alikuwa anasema peke yake, "Kumbe alikuwa yeye. Kumbe alikuwa yeye mwenyewe, jamani."

Mke wangu hakurudi saa za kawaida. Nilitazama barabara hadi macho yakauma. Niliwaza amekwenda kwa dada yake. Niliwaza mwavuli mkubwa kama hema. Mama alikataa kunisemesha, alikula mkate wake akitazama ukuta.

Mke wangu alipoingia jioni alikuwa amelowa mpaka kwenye pochi. Nikainuka. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakatawanyika.

"Ulinijua," nikasema.

"Mwalimu, nakujua hata ukipiga chafya. Ulijiita Baba Msikilizaji. Nani anajiita hivyo?"

"Besi kacheka."

"Kacheka mpaka kapaliwa. Aliniuliza kwa ishara kama akate. Nikamwambia asikate."

"Kwa nini?"

Alivua koti, akalitundika. "Kwa sababu ni mara ya kwanza tangu Machi wewe kuniuliza kitu kuhusu hicho kitabu. Nikasema hata kama ni kwa sauti ya kujificha, acha aulize."

Nikamuuliza kuhusu simu za barazani. Nilimtaja Besi kwa jina. Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyeandika insha nzuri akaharibu mwishoni.

"Besi ana umri wa mtoto wetu wa kwanza. Ananiomba nimchagulie shairi la kumsomea mchumba wake, na kila ninalomchagulia anasema refu." Akakaa. Alikaa mezani, mahali pangu. "Waliokuwa wananipigia ni makao makuu ya redio. Wanataka niende huko, nifanye vipindi vya nchi nzima, vitabu vyote vya mtihani. Mwaka mmoja. Shule imekubali kuniachia."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na mimi hukuniambia."

"Nilikuwa natafuta siku ambayo hujanuna," akasema mke wangu. "Sijaipata."

Jumapili, 14 Aprili

Sijalala vizuri. Sina la kuandika. Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Mwalimu wa hesabu alinisubiri getini na mikono kifuani. "Shikamoo, Baba Msikilizaji. Bafuni wazima?" Itadumu mpaka nistaafu, najua.

Darasani hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Walinihurumia. Wavulana arobaini wakinitazama kwa huruma, daftari zimefunguliwa! Mwishowe kiranja akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti ya chini, na najua hakuwa anachokoza: "Mwalimu, kwenye mtihani dada tumwandike vipi? Msaliti, au kama alivyosema Mama?"

Nilitembea hadi dirishani nikarudi. Nikawaambia wafungue sura ya tano. Tukasoma pamoja, kwa zamu, mstari kwa mstari, kila mahali dada anapotokea. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye huwa analala, akasema, "Mwalimu, mbona huyu mtu yuko kila ukurasa na hatukumwona?" Mwingine akasema kwao kuna mtu kama huyo, ni shangazi yake. Wa tatu akasema Karani hata hivyo alikuwa mwaminifu, hilo lisifutwe. Wakabishana. Kengele ikalia wakiwa wanabishana. Sijawahi kuona hivyo katika darasa langu. Katika darasa langu huwa wananakili.

Kipindi kizuri hiki nilikitoa kichwani mwa mke wangu. Hilo nalo limeniuma.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia aende. Nilisema nikiwa nakoroga chai, ili ionekane jambo dogo. Akasema, "Sikuwa naomba ruhusa, Mwalimu. Nilikuwa naomba usinune." Nikamwambia hilo la pili litachukua muda.

Jumamosi, 20 Aprili

Kipindi chake cha mwisho hapa mjini. Mama kalia tena. Mimi sikuwa na chai ya kujifichia.

Jumatano, 24 Aprili

Nimejaribu kupika. Mama kasema chumvi ndiyo imewekewa chakula. Mke wangu kala akiwa amekaa, kwa sababu nilimkalisha, lakini kila dakika anataka kuinuka kuona kama nimezima moto. "Kaa," nikasema. Naye akasema, "Moto uko pale unaunguza!" Na kweli ulikuwa unaunguza.

Jumatatu, 29 Aprili

Nguo zake za kazini zimetundikwa dirishani zikauke. Hazikauki. Nimefurahi, halafu nimeona aibu, kisha nimezipiga pasi.

Jumapili, 5 Mei

Ameondoka leo.

Kituo cha mabasi kilikuwa tope tupu. Nilibeba sanduku kichwani, yeye akabeba kapu la vitabu. Alipoinamia dirisha la tiketi akasema tu, "Naomba kiti cha dirishani," na mkata tiketi akaacha kalamu. "Wewe ni yule Mama wa redio!" Basi, ikawa balaa. Wakaja wanafunzi wawili wenye mabegi, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akaja dereva wa basi jingine kabisa. Kila mmoja ana swali kuhusu dada wa Karani. Mwanafunzi mmoja alitaka kumsaidia kapu, nikamwambia kapu lina mtu wake. Nililinyakua. Nilikuwa na sanduku kichwani na kapu mkononi na bado nilikuwa nawaonea wivu, kila mmoja wao, hata mtoto wa mgongoni aliyeshikwa shavu.

Yule mama mwenye mtoto akanitazama juu hadi chini. "Na wewe, baba, ni nani wake?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mwalimu mwenzake. Mume wake. Mtu aliyemwambia ile ya mikono.

"Mimi ndiye ninayebaki," nikasema.

Mke wangu alisikia. Aliacha kujibu swali la dereva katikati, akaja akanifungia kifungo cha juu cha shati kama ninayekwenda shule. Akapanda.

Kiti chake kilikuwa upande wangu. Mzee mmoja akakaa pembeni yake, akapanua miguu vizuri, atakaa naye mpaka jioni. Basi likaanza kurudi nyuma. Mke wangu akaweka mdomo karibu na kioo, akasema jambo. Mvua ilikuwa inapiga bati, mashine inanguruma, sikusikia. Nikaonyesha sikio. Akarudia, kwa midomo mikubwa, kama anayefundisha chekechea. Sikusikia. Wiki ijayo nchi nzima itamsikia, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake kwenye tope sipati hata neno.

Nilitembea kurudi nikiwaza ni neno gani. Nilijaribu moja moja midomoni mwangu ili nione lipi linafanana na midomo yake. Mengine nimeyaonea haya kuyaandika.

Simu ikalia nikiwa nafungua geti. "Hukunisikia?" akasema.

"Sikusikia. Ulisema nini?"

"Nilisema dirisha la jikoni nimeliacha wazi. Mvua inaingia."

Nikaingia. Jiko lilikuwa ziwa. Viberiti vinaelea, unga umelowa, kandambili za mama zimesafiri hadi chini ya meza. Mama alikuwa ameketi mlangoni ameinua miguu juu ya kigoda, akinisubiri.

"Nimekuita," akasema, "ukawa hupo."

Nilifunga dirisha, nikakunja suruali, nikachukua ndoo na tambara. Simu niliiweka juu ya kabati, sijaikata, na mke wangu akawa ananielekeza kutoka barabarani, nianzie pembe gani, unga niumwage wapi, huku yule mzee wa pembeni yake akiuliza kwa sauti, "Nani huyo anayedeki?"

"Mwalimu mmoja," akasema mke wangu, na nikamsikia akicheka.

Nimekamua ndoo nyingi. Sakafu imekauka. Mama anataka kujua kesho atakula nini.

Nimemuuliza anapenda nini. Ametaja vitu vitano bila kupumua, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa.